Kilicholia Jalalani Ntalikwa

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Shemeji Ngollo amekwenda Mwanza kutibiwa mgongo. Ngollo ni kaka wa mke wangu Mwanne, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nzega. Ameacha detekta yake stoo kwetu, chini ya gunia la karanga. Ni mashine yenye mpini mrefu na sahani chini. Ukiipitisha juu ya ardhi penye chuma, shaba au dhahabu, inalia. Aliagiza kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kwamba asiiguse mtu. Halafu akaniangalia mimi. Nimeumia. Kwa nini mimi?

Nimeigusa saa nane mchana.

Inafanya kazi vizuri sana. Imelia kwenye sufuria. Imelia kwenye kitanda. Imelia kwenye tumbo langu nikaogopa, kumbe ni chuma cha mkanda.

Niandike sababu zangu mapema, watu wasije wakasema nilikuwa na tamaa. Mimi Adinani, fundi saa na funguo hapa sokoni Tabora, miaka ishirini na miwili sasa. Siku hizi saa haziletwi, kila mtu anaangalia simu. Nina muda mwingi wa kufikiri. Na kila jioni, kwenye benchi la kahawa, nalazimika kumsikiliza mzee Nestory.

Nestory ni mstaafu wa reli. Miaka kumi na moja iliyopita alichimba choo akaokota hela ya shaba ya mwaka 1916, zile zilizogongwa hapahapa Tabora Mjerumani alipobanwa na vita. Hela moja! Miaka kumi na moja! Ameifunga kwenye leso, leso ameitia kwenye kopo, na mgeni akija benchini kopo linafunguliwa. Watu husimama wakampisha akae. Mimi hakuna anayenipisha. Juzi nilikuwa nimekaa, nikaambiwa nimpishe yeye.

Nataka rupia ya dhahabu. Ile yenye tembo, iliyogongwa hapahapa mwaka uleule. Sitaki kuiuza. Nataka niiweke juu ya benchi, bila leso, halafu ninyamaze.

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata mahali! Kiwanja chetu cha zamani Ntalikwa. Nyumba ilianguka baada ya mama kufariki, zimebaki kuta mbili na minyaa. Marehemu baba alikuwa akisema njia ya misafara ya Ujiji ilipita nyuma ya jiko letu. Wapagazi maelfu kwa maelfu, na pembe, na shanga, na marobota ya nguo. Nimemweleza Mwanne kwamba katika maelfu hayo lazima wawepo waliodondosha fedha mfukoni.

Mwanne ameuliza kama wapagazi walikuwa na mifuko.

Ana tabia ya kuuliza vitu vidogovidogo.  Nimemwambia kesho kutwa nakwenda kukagua mipaka ya kiwanja, maana majirani wanasogeza.

Jumanne, 6 Agosti

Detekta niliifunga kwenye chandarua ionekane mgonjwa. Sijui nilikuwa nawaza nini. Mwenye bodaboda ameniuliza mgonjwa ana umri gani. Kisha mashine ikajiwasha yenyewe. Kwa kuwa pikipiki ni chuma, ililia kuanzia sokoni hadi Ntalikwa bila kupumua. Watu walitupisha barabarani.

Mavuno: makopo matatu ya samaki, kengele ya baiskeli, nati saba, nusu ya jembe.

Saa nne watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja anayeitwa Leonia, anayelima shamba la jirani, aliniuliza napima nini. Nikasema bomba la maji. Ndilo lililonijia kinywani. Mashine ina waya, nina kofia, nikaona linafaa.

Halikufaa. Leonia alipiga kigelegele. Ndani ya nusu saa nilikuwa na watu thelathini. Waliniletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, na maji ya kunywa, yale maji waliyoyafuata mbali, kwenye kikombe kisafi. Mzee mmoja alinishika mkono akaniomba bomba lipite karibu na mlango wake kwa sababu macho yake hayaoni njia. Nikamwambia litapita. Akauliza lini. Nikasema kabla ya masika.

Nimekula matobolwa yote. Yalikuwa matamu. Njiani kurudi yalinikaa kifuani kama kokoto. Nadhani hayakukauka vizuri.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonyesho, Ntalikwa kimya. Nimechimba kwa raha.

Saa tano mashine ililia nyuma ya jiko, pale palipokuwa jalala letu. Mlio tofauti. Si ule wa makopo. Mlio laini, mrefu, kama mtu anayeita kwa adabu. Nikachimba kwa sururu, kisha kwa kijiko. Udongo mwekundu, halafu majivu. Tabaka nene la majivu, meupe na makavu kama yamemwagwa jana. Ndani ya majivu, kipande cha bakuli. Ndani ya kipande cha bakuli, bangili.

Fedha tupu! Nzito! Imechongwa maua, na bawaba yake imefungwa kwa kipande cha spoki ya baiskeli.

Nilikaa chini. 

Ni ya mke wa tajiri wa msafara. Bila shaka. Alipita hapa akielekea Ujiji, amechoka, mkono umekonda, ikamtoka. Bangili za namna hii zilikuwa nyingi. Na spoki zilikuwa nyingi.

Sitaandika zaidi leo.

Ijumaa, 9 Agosti

Ushindi!

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda moja kwa moja kwenye benchi. Nikaiweka. Bila leso. Nikanyamaza.

Benchi zima liliinuka. Muuza kahawa aliacha birika likachemkia motoni. Nikawaeleza: mke wa tajiri, msafara, mkono uliokonda. Nilipofika kwenye mkono, mzee mmoja alifuta macho. Nikapishwa nafasi ya katikati. Katikati! Nikapewa kashata ambayo sikuilipia.

Nestory alivaa miwani, akaichukua, akaigeuza. Nilikuwa nasubiri wivu umpande usoni. Akauliza kama misafara ile ilikuwa na baiskeli. Nikamwambia pengine mmisionari. Watu wakacheka, wakawa upande wangu.

Yeye hakucheka. Alishika ile spoki kwa ukucha. Akasema taratibu kwamba aliwahi kusikia habari za bangili yenye spoki. Alisema katika reli alifanya kazi na mzee mmoja, mtu mpole sana, aliyeomba uhamisho ghafla kutoka Tabora kwenda Igalula, kwa sababu binti yake ameitwa mwizi harusini huko Ntalikwa na hawezi tena kupita sokoni. Kisha akairudisha benchini kwa mikono miwili, akaaga. Kahawa yake hakuimaliza.

Wivu huo! Kila mtu ameuona.

Lakini kiti cha katikati si kizuri kama nilivyodhani. Kina msumari.

Jumamosi, 10 Agosti

Nestory amenisaliti. Asubuhi na mapema alikwenda Ng'ambo kwa dada yangu Mwanajuma. Saa mbili dada alikuwa mlangoni kwangu, hajanywa chai, kanga moja.

Nilimwamkia, shikamoo dada. Hakuitikia. Alisema: "Ilete."

Nikauliza nini. Mwanne, ambaye ni mke wangu na alipaswa kuwa upande wangu, akaingia ndani akaitoa chini ya godoro.

Dada aliishika. Akapitisha kidole kwenye spoki. "Baba aliifunga mwenyewe," akasema. "Baiskeli yake ilikaa siku nne bila spoki."

Basi sasa niandike, kwa kuwa hii ni shajara yangu na haisomwi na mtu. Mwaka 1985 dada aliolewa. Bangili hii ilikuwa ya bibi yetu, ilikuwa aivae siku ya harusi. Jioni ya kuamkia siku hiyo ilikuwapo. Asubuhi haikuwapo. Chumbani alikuwa amelala dada na rafiki yake Yustina, binti wa jirani, ambaye ndiye angemsimamia harusini. Walikuwa kitu kimoja hao. Wakisuka, wanasuka mtindo mmoja. Nyumba ikageuzwa juu chini. Watu wakauliza nani ameona chochote. Nikasema mimi nimeona. Nikasema nimemwona Yustina akifunga kitu kwenye pindo la kanga.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliitwa katikati ya wakubwa. Nikapewa kigoda nikasimama juu yake ili wote wanisikie.

Dada aliniuliza nimeipata wapi hasa. Nikasema jalalani. Kwenye nini? Kwenye majivu.  Kisha akasema bibi alikuwa akisafisha fedha kwa majivu na limau. Huizika kwenye bakuli la majivu usiku kucha, asubuhi aifute ing'ae. Lakini asubuhi ile bibi aliamka na homa, hakuulizwa wala hakusema, na hakuinuka tena hadi tulipomzika.

"Na majivu," dada akasema, "alikuwa akimwaga nani kila asubuhi?"

Nikasema sikumbuki. Ni miaka thelathini na tisa.

Dada amesema kesho tunakwenda Igalula. Nikamshauri tuitume bangili kwa basi, na barua nzuri. Nikamshauri tuseme imeokotwa barabarani. Nikamshauri tungoje mvua. Akanitazama kila mara hadi nilipomaliza. Akasema basi linaondoka saa moja.

Jumapili, 11 Agosti

Jana usiku nilipata wazo la panya. Kuna panya wakubwa wanaopenda vitu vinavyong'aa. Panya aliichukua chumbani, akaipeleka jalalani, akaizika. Hakuna mwenye kosa. Hata panya hana kosa, ndivyo alivyoumbwa. Nililifanyia mazoezi ndani ya basi, kimoyomoyo. Dada aliniuliza kwa nini nachezesha midomo. Nikasema naomba dua.

Igalula. Banda la chai karibu na stesheni. Nje, mwanamke mrefu anasukuma chapati, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Dada alisimama. Yule mwanamke akainua macho, akamtazama dada, akarudi kwenye chapati yake. Akasema: "Karibuni. Kaeni, nina wateja."

Tukakaa. Ilikuwa kama nusu saa. Aliwahudumia mafundi wa reli wanne, akaosha vikombe, akafuta meza. Dada hakuondoa macho kwake. Mimi nilihesabu mabati ya paa.

Mwishowe akaja na chai tatu. Nikamwamkia, shikamoo dada Yustina. Akasema marahaba, kwa sauti ya kawaida kabisa, nikapata matumaini.

Dada akafungua kitambaa akaiweka bangili mezani, kati ya bakuli la chumvi na kopo la vijiko. Yustina hakuigusa. Alirudisha mikono nyuma, akashikanisha viganja mgongoni, kama mtoto aliyekatazwa kitu dukani.

Nikaona wakati wangu umefika. Nikaanza: "Dada Yustina, kuna panya fulani wakubwa..."

"Panya," akasema.

"Wanapenda vitu vinavyong'aa."

"Adinani, sasa u mtu mzima. Niambie siku ile uliona nini."

Nikasema nilimwona akifunga kitu kwenye pindo la kanga.

"Kikubwa au kidogo?"

Nikaitazama bangili. Nikasema kidogo.

"Kidogo kama nini?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Nilikuwa nakiona kabisa, vidole vyake vikikunja pindo, kitu kidogo kama punje ya mhindi. Nilikuwa nakiona miaka yote hiyo na sikuwahi kukipima.

"Kilikuwa kifungo," Yustina akasema. "Kifungo cha gauni langu la kusimamia harusi. Kilikatika asubuhi, nikakifunga nisikipoteze, nikawa natafuta sindano. Nilifungua pindo mbele ya watu wote. Kikaanguka kifungo. Wakasema bangili nimeshaipitisha kwa kaka yangu."

Akaipuliza chai yake. Haikuwa ya moto tena.

"Imepatikana wapi?"

"Kwenye majivu," dada akasema. "Bibi aliizika aisafishe."

"Aliyemwaga majivu ni nani?"

 Dada hakunitazama hata kidogo. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, mabehewa mengi, ningeweza kujifanya sikusikia. Nikangoja ipite yote. Ilipokwisha nikasema ni mimi.

Sijui kwa nini nilisema. Chai ile ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Yustina aliitikia kwa kichwa, polepole, kama fundi aliyeonyeshwa kipande kilichokuwa kinakosekana. Akasema jambo moja ambalo naliandika kama lilivyo. "Tangu siku ile sijaingia chumba cha kulala cha mtu. Binti yangu alipojifungua, nilikaa mlangoni. Mjukuu wangu nililetewa nje, nikampokea juani."

Dada alianza kulia. Akasema nisamehe, nisamehe Yustina, huyu mtoto ndiye...

"Usimtaje mtoto," Yustina akasema. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa husema lolote ili apate nafasi katikati ya wakubwa. Huyu sikumlaumu hata siku moja. Wewe ulikuwa rafiki yangu. Tulilala kitanda kimoja usiku ule, tukacheka mpaka tukagombezwa. Asubuhi waliponishika ulinitazama, kisha ukatazama chini. Hilo ndilo nililohamia nalo Igalula. Si la bangili."

Dada hakujitetea. Alisema: "Kweli. Nilitazama chini."

Wakakaa hivyo. Mteja alikuja, akaona, akaondoka.

Nilifurahi kusikia kwamba mimi silaumiwi. Nilitamani dada aandike mahali. Lakini yale maneno ya kutafuta nafasi katikati ya wakubwa sikuyaelewa. Mimi sijawahi kutafuta nafasi.

Bangili aliikataa. Alisema kaeni nayo, mimi nilinyang'anywa jina, fedha sikuwa nayo tangu mwanzo. Kama tuna la kufanya, tuwaite waliokuwapo siku ile, wale walio hai bado, na aliyesema aseme tena.

Ndani ya basi, kurudi, dada alilala begani kwangu. Hajawahi kufanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa natazama mikono yangu njia nzima. Mikono ya kawaida tu. Nilijaribu kukumbuka uzito wa bakuli lile asubuhi ile, kama lilikuwa zito kuliko siku nyingine. Sikukumbuka. Nadhani nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza.

Jumanne, 13 Agosti

Naandaa hotuba. Kurasa sita. Nimeanza na historia ya misafara, kisha sayansi ya detekta, kisha namna mtu mmoja, bila msaada wa serikali, alivyolisafisha jina la mwanamke asiye na hatia. Mtu huyo sijamtaja. Watamjua.

Nimemsomea Mwanne. Alikuwa anachambua mchele. Mwishoni akauliza: "Baba Najiat, neno samahani liko ukurasa wa ngapi?"

Nimetafuta. Nitalitia.

Sijakwenda kwenye benchi tangu Ijumaa. Naona Nestory ameshawaeleza kila kitu.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo kwa dada, Ng'ambo. Walikuja watu kumi na wanne. Wengine wazee sana, wameletwa wameshikwa mkono. Batuli, aliyekuwa somo wa dada yangu, ndiye aliyemfunda kabla ya harusi, haoni tena, lakini alimtambua Yustina kwa kumshika kiganja. Aliking'ang'ania hadi mwisho. Yustina alikuja na gauni la bluu, amenyoosha mgongo, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa kutokea.

Nestory naye alikuwapo! Alialikwa kwa niaba ya marehemu baba yake Yustina, aliyefanya naye kazi relini. Alikaa nyuma kabisa. Nilijua amekuja kunitazama nikianguka.

Nikasimama, nikafungua kurasa zangu. Nikasoma, "Tangu enzi za misafara." Nikainua macho. Wazee wote walikuwa wananitazama usoni, kama siku ile. Ilikuwa siku ileile. Mimi ndiye niliyekuwa nimerefuka.

Kurasa zikanishinda. Nikasema kwamba niliona kifungo. Sikuona bangili. Majivu niliyamwaga mimi, na bangili ilikuwa ndani yake, na sikutazama. Nikasema Yustina hakuiba. Halafu nikasema samahani, ila nadhani sauti haikutoka, kwa sababu Batuli aliuliza amesema nini, na mtu akamjibu, "Amesema hakuiba." Batuli akasema kwa nguvu, "Mimi nilijua!" Yustina akageuka akamtazama. Akamwambia, bila hasira, "Ulijua, bibi. Ila ulinyamaza." Nyumba nzima ikainamisha vichwa. 

Kisha dada akainuka, akaichukua bangili, akaingia chumbani kwake. Tukasikia sanduku linafunguliwa. Akaita: "Yustina, njoo."

Yustina alifika kwenye pazia. Akasimama. Tulikuwa tunaona mgongo wake tu. Mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango.

"Ingia," dada akasema kutoka ndani.

Hakuingia.

"Ingia, mwenzangu. Njoo uiweke wewe. Sanduku sitalifunga tena mimi peke yangu."

Alikaa pale muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha maji. Kisha akavua kandambili, moja, halafu ya pili, akazipanga sambamba, akapita. Pazia likarudi.

 Walikaa huko mpaka wali ukapoa. Kuna wakati tuliwasikia wakicheka, kicheko cha wasichana, ghafla kikazimwa kwa kiganja. Sijui walicheka nini. Nadhani si mimi.

Nestory alinifuata uani nilipokwenda kunawa. Nikajiandaa kwa kejeli. Akanimiminia maji kutoka kwenye birika, polepole, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Akasema, "Si kazi rahisi." Basi. Akanipa taulo. Nimefikiria sana maneno hayo. Mtu huyu ana mpango.

Usiku Mwanne ameninyooshea shati bila kuombwa. Alisema nimefanya vyema. Nimelala na moyo mwepesi kiasi kwamba nilidhani naumwa. Nikaamka nikaandika hapa, ili nisisahau: kabla ya kusema umeona, tazama. Mstari nimeupigia chini mara mbili.

Jumapili, 18 Agosti

Siku mbaya sana! Bisibisi yangu ndogo ya Kijapani imepotea, ile ya kufungulia saa za mikononi. Niliitumia jana mchana kwenye saa ya mwalimu mmoja. Leo haipo mezani, haipo kwenye kisanduku, haipo chini.

Najua aliyeichukua. Ni Doto, yule kijana aliyehamia wiki iliyopita kwenye meza ya jirani yangu, anayeuza makava ya simu. Asubuhi amenisalimia kwa haraka. Mtu mwenye dhamiri safi hasalimii kwa haraka. Na nimemwona, kwa macho yangu haya mawili, akitia kitu mfukoni. Kitu chembamba. Chenye urefu kama wa bisibisi.

Nimeshamwambia muuza nyanya. Nimeshamwambia mshona viatu. Nao wamekumbuka kwamba hata wao hawakumwamini tangu alipokuja. Tumekaa pamoja, wamenipa kiti, nikawaeleza upya tangu mwanzo. Sasa hivi meza yake haina mteja, kajiinamia anapanga makava yake rangi kwa rangi. Hiyo ni dalili.

Mwanne, niliyempigia asubuhi kumweleza hasara, amepiga simu. Anafua. Anasema kabla sijasema lolote kwa mtu nirudi nyumbani, kuna kitu amekihisi kwenye mfuko wa shati langu la jana. Nimemwambia nitakiangalia jioni. Sasa hivi nina haraka, ofisi ya mwenyekiti wa soko inafungwa saa kumi.